Wanaomtaja Profesa

"Leo wamenitaja wangapi?"

Profesa aliuliza hata kabla binti yake hajavua viatu. Alikuwa kwenye kiti chake cha dirishani, mikono juu ya magoti, uso ameuelekeza mlangoni. Presha ya macho ilishampokonya uoni wote, jicho moja kisha jingine, lakini shati alilivaa limenyooshwa na kufungwa vifungo hadi shingoni, kama mtu anayesubiri kuitwa jukwaani.

"Wamefika saba, baba. Na wiki haijaisha."

"Saba!" Alijipiga paja. "Walionizika hai sasa wako wapi?"

Binti alivua viatu. Aliweka mkoba mezani, akafungua kompyuta. Kila akitoka chuoni kufundisha, kazi yake ya pili ilikuwa hiyo: kupekua majarida ya kitaalamu na kumwambia baba ni nani, wa wapi, ameitaja makala yake.

Kwa miaka mingi hapakuwa na cha kupekua. Profesa alikuwa mtaalamu wa ikolojia ya mimea, mtu wa kutambaa msituni kwa magoti akihesabu miche. Ujanani aliandika makala moja iliyompa jina: kwamba msitu wa mlimani unakufa kwa sababu ng'ombe wa wafugaji wanaitafuna na kuikanyaga miche kabla haijawa miti. Serikali ikaisoma, ikaiamini, ikawahamisha wafugaji wote. Yeye akapata uprofesa. Kisha wasomi wakahamia mambo mapya, naye akabaki kama gazeti la jana. Siku ya kumuaga kazini, keki ilikatwa kabla hajafika.

"Upofu nimeuzoea," aliwahi kumwambia binti yake. "Kusahaulika ndiko kunakonimaliza."

Halafu, mwaka jana, mambo yakageuka. Makala ile ya zamani ikaanza kutajwa tena, kwanza hapa na pale, kisha kila wiki, na katika majarida makubwa ambayo enzi zake hata barua zake hayakujibu. Profesa akaanza kula vizuri. Akaomba kinyozi aletwe nyumbani.

"Haya, nani na nani leo?"

"Kuna mmoja wa chuo cha ng'ambo. Na kundi la watafiti wa misitu ya nyanda za juu."

"Wanasemaje?"

"Wanaanzia kwako, baba. Wote wanaanzia kwako."

Mzee alicheka, kicheko cha mtu aliyelipiwa kisasi. "Na wewe je? Umepanda mlima ule ule niliopanda mimi hadi ukatoboa viatu, lakini hujanisomea hata ukurasa mmoja wa utafiti wako."

"Ni takwimu tupu. Zitakuchosha."

"Mtoto wa nyoka! Umeanza kunificha mambo kama marehemu mama yako alivyokuwa akinificha sukari."

Mlango uligongwa. Aliyeingia alikuwa mkuu wa idara, zamani mwanafunzi wa Profesa, mtu aliyefundishwa na mzee huyo hata namna ya kushika kisu cha kukatia matawi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba! Nilijua utakuja. Umekuja kunipongeza."

Mkuu wa idara alifungua mdomo. Binti, akiwa nyuma ya kiti cha baba yake, alitikisa kichwa polepole: hapana.

"Nimekuja kukujulia hali, mzee wangu."

"Usinizunguke. Mnataka nije nitoe mhadhara. Sema tu, sina maringo."

"Tutaangalia, mzee. Tutaangalia."

Chai aliinywa akiwa amesimama, akaaga. Binti alimsindikiza hadi getini. Hapo mgeni alimgeukia.

"Una moyo, wewe," alisema, na haikueleweka kama anamsifu au anamlaumu.

Binti aliporudi ndani, alimkuta baba yake ameinamisha kichwa, anawaza.

"Mwanangu, kila siku unanipa idadi na majina. Leo nisomee maneno yenyewe. Sentensi moja tu. Nisikie kwa masikio yangu wanavyonitaja."

"Lugha yao ngumu, baba."

"Mimi ndiye niliyekufundisha lugha hiyo. Soma."

Binti alikaa. Aliisogeza kompyuta karibu, akateremsha ukurasa, akakomea kwenye sentensi moja. Nje, jirani alikuwa anapiga pasi huku akiimba kwa sauti mbaya.

"'Kila anayeutafiti msitu ule,'" alisoma taratibu, "'ana deni kwa mtu huyu, ambaye aliona mapema yale ambayo wengine hawakuyaona.'"

"Rudia."

Alirudia, neno kwa neno, bila kukwama.

Machozi yalimtoka mzee katika macho yale yasiyoona. Hakuyafuta. "Lazima yupo aliyeanza," alisema. "Watu hawazinduki hivi hivi. Mtu mmoja aliifufua makala yangu, wengine wakamfuata. Unamjua?"

"Namjua."

"Ukikutana naye mwambie amenirudishia uhai. Mwambie Mungu ambariki, yeye na wazazi wake."

"Nitamwambia, baba."

Mzee aliegemea kitini, akatabasamu, na baada ya muda akasinzia.

Kwenye kioo cha kompyuta sentensi ilikuwa nyingine: kwamba wafugaji walifukuzwa bure, kwamba ng'ombe walipoondoka nyasi zilirefuka, moto ukapata chakula, na msitu ukateketea, kwamba chanzo chake kilikuwa kosa la makala moja. Jina la ukoo wao lilitajwa humo mara mbili: kwanza la baba aliyekosea, kisha la binti ambaye utafiti wake ulimuumbua.