Mita Ishirini na Nane

Ndaki alinyoosha mkono kabla mwalimu hajamaliza kuandika ubaoni. Ilikuwa mara ya tano tangu asubuhi.

"Mgeni, ngoja basi niweke nukta," alisema mwalimu Aneth bila kugeuka.

Darasa likacheka. Walikuwa watu kumi na wanane, wengi wao wakulima wa mpunga na akina mama wauza mchele wa Kagongwa, wamebanana kwenye mabenchi ya kanisa la bati. Semina ilikuwa ya siku moja: maneno muhimu ya kujifunza Biblia na kuifasiri. Ndaki alikuwa ametoka upande wa Geita kwa basi la alfajiri. Hakuna aliyemjua. Alikaa karibu na mlango, na goti lake halikutulia hata kidogo.

"Nkoi, rafiki yangu, una siafu kwenye suruali?" aliuliza Paskalina, muuza mchele aliyekaa benchi la mbele yake.

"Nina haraka, mayu, mama yangu."

Aneth aligeuka. Ubaoni aliandika MUKTADHA. "Ukimkuta mtu analia barabarani, hujui kama katoka msibani au katoka kumenya vitunguu. Lazima uulize alikotoka. Mstari nao ni hivyo hivyo. Nini kimetangulia? Nani anasema, na anamwambia nani? Haya mgeni, uliza."

"Ayubu ishirini na nane, mstari wa kwanza. Unataja mahali pa dhahabu. Mtu akipewa mstari huo achimbe, atapata?"

"Achimbe wapi?"

"Kwenye duara. Shimo la dhahabu. Sura ya ishirini na nane, basi mita ishirini na nane."

Hapo hakuna aliyecheka. Kila mtu mle ndani alikuwa na ndugu machimboni.

Ndaki alieleza akiwa amesimama. Kwao duara halifunguliwi bila neno. Nabii anafunga siku tatu, anafungua Biblia macho yamefumbwa, anaweka kidole. Namba ya sura ndiyo kina cha shimo. Duara hili la Ayubu lilikuwa limefika mita ishirini na tano. Ukuta ulikuwa na ufa unaoingia kiganja, magogo ya kuzuia udongo yamekwisha, na mwenye duara hataki kusubiri mengine kwa sababu zimebaki mita tatu tu. Saa tisa mchana huu, maji yakishavutwa na pampu, watu wanne wanashuka.

"Wewe ni mmoja wao?" aliuliza Aneth.

"Hapana. Mdogo wangu Maige yumo."

Aneth alifungua Biblia akasoma sura yote, taratibu, hadi mwisho. Watu wanachimba chini sana, wananing'inia mbali na wenzao, dhahabu wanaipata. Hekima hawaikuti huko.

"Umesikia? Hili ni shairi, na linauliza hekima iko wapi. Aina ya maandiko ni neno letu jingine la leo, liandikeni. Shairi si ramani."

"Na ile namba?"

"Namba za sura ziliwekwa na watu, karne nyingi baada ya kitabu kuandikwa, ili tusipotee tukitafuta mahali. Ayubu hakuijua hiyo ishirini na nane."

Ndaki alikaa. Akasimama. Akaenda mlangoni, akatema mate nje, akarudi.

"Hakuna neno jingine?"

"La nini?"

"La mtu aliyefungua kwa imani. Aliyefunga kweli, hakula, wala hakukusudia kumdanganya mtu."

"Lipo. Linaitwa kupachika maana. Unaingia kwenye maandiko na kitu chako, halafu unatoka nacho kile kile ukisema umekikuta humo. Hata mwenye imani anapachika. Na hata asiyekusudia anaua."

"Huyo nabii atangulizwe yeye shimoni," alisema Paskalina, "na hiyo Biblia aivae kichwani iwe kofia!"

Wote walicheka. Ndaki naye alicheka, akawa wa mwisho kunyamaza.

"Wazuie," alisema Aneth.

"Hawazuiliki. Wanaamini neno la nabii kuliko macho yao. Mke wa mdogo wangu, Vumilia, ametoka jana kumlilia mwenye duara. Ameambiwa nabii hajasema."

"Basi nabii aseme."

"Anaogopa. Yako mashimo mengine tisa yaliyochimbwa kwa neno lake. Akikiri kosa kwenye hili, na wenye hayo mengine watakuja kumuuliza. Watamchoma moto na nyumba yake."

"Kwa hiyo wanne wafe ili mmoja asiulizwe?"

Ndaki aliinua macho. Saa ya ukutani ilionyesha saa tisa kasoro dakika nane. Aneth aliweka chaki chini. Hakuna aliyekuwa anaandika tena.

"Namba ya mwenye duara unayo?" aliuliza Paskalina. "Mpigie hapa hapa, weka spika. Akibisha tutamjibu sisi. Huyo hajakutana na midomo ya soko la mchele."

Ndaki aliweka simu juu ya benchi. Kidole kilikosea, akabonyeza upya. Watu walisogea wakamzunguka. Paskalina alikaza kanga kiunoni, tayari kwa ugomvi.

Simu ilipopokelewa, Ndaki hakungoja salamu.

"Deusdedit, asishuke mtu. Wala leo, wala kesho. Lifukie hilo shimo."

Spika ilikoroma. Pampu ilisikika ikinguruma upande wa pili, kisha ikazimwa.

"Sawa, nabii," ilijibu sauti.