Moja au Saba

Kompyuta ilitoa jibu: 0,04.

Ni nafasi ya kupata matokeo kama yetu kwa bahati tu. Kabla ya jaribio nilikuwa nimeandika kikomo kwenye karatasi kwa mkono wangu: jibu likivuka 0,01, tutasema dawa imebahatisha tu. Dawa ile huumiza ini, ndiyo maana nilikikaza.

Profesa Winfried, mkuu wangu, akaivuta karatasi. Moja yangu, kama tunavyoiandika sisi Wajerumani, ina mkia mrefu mbele. Ukiikata kistari kiunoni, inakuwa saba, na 0,01 inakuwa 0,07.

“Wewe dokta, mwandiko gani huu?” Alicheka mdomo tu. “Hii ni moja au saba?”

“Ni…”

“Fikiria vizuri. Miaka sita tumehangaika.”

Akanisogezea kalamu, kifuniko ameshakivua. Wino ulikuwa wa rangi ileile niliyoandikia.

Nilipoipokea, ilikuwa bado na joto la mkono wake.