Kanga Isiyokatwa

Katika mji wa tano wa safari yake ya ugenini, Bi Mwanaidi aliwafundisha wanawake kukata nguo za marehemu wao, kuzibandika kwenye magunia na kuzishonea shanga, ziwe picha za kumbukumbu. Hakukaa kitako, alizunguka meza tu, akichungulia saa.

"Kitendawili, mwalimu!" alisema Sabela, huku akikata shati la mumewe.

"Tega."

"Kinyozi kanyoa mji mzima, nywele zake zamfika mgongoni."

"Nimeshindwa. Chukua mji."

"Ni wewe! Hiyo kanga ya marehemu mama yako utajifunga nzima mpaka lini, dada?"

Wote wakacheka, isipokuwa Bi Mwanaidi. Akaifungua kiunoni, akaitandaza mezani.

"Nishikieni huku," akasema. Akachukua mkasi.

Sabela akavuta upindo. Mkasi ukaingia kwenye kanga kiasi cha vidole viwili, ukasimama.