Mnunuzi Kiziwi

"Mnunuzi ni kiziwi, mama," dalali alimwambia mjane aliyekuwa anauza nyumba yake. "Wewe tabasamu tu, bei niachie mimi."

Basi mjane akatabasamu mpaka mashavu yakamuuma, huku mnunuzi na mkewe wakikagua sebule. Dalali akatoka nje kupokea simu.

Mnunuzi akagonga ukuta kwa kidole. "Milioni tisini si mbaya," akamwambia mkewe, "ukiacha kamisheni ya dalali. Ila huyu mama kiziwi namhurumia, sijui tutamuagaje."

Tabasamu la mjane likaganda. Yeye aliambiwa sitini, na humo humo akatwe kamisheni.

"Baba," alisema polepole, "umesema tisini?"

Mkoba wa mke ukaanguka. Mume akabaki na kidole ukutani.

Dalali akarudi, akasimama katikati yao, akaanza kuongea kwa mikono.

Hakuna aliyemzuia.