Alama Nyekundu Bustanini

Siku ya tatu tangu ahamie mtaa ule, Salha alitoka kuutembelea. Alinunua mkate kwenye duka la Mgoa mmoja, akaitikia salamu za fundi cherehani Msomali, na mama mmoja wa Kikongo akamsimamisha aonje maandazi yake bila hata kumjua jina. Nyumba zilikuwa kuukuu, kuta zimebanduka chokaa, lakini moyo wake ulitulia. "Hapa nitazeekea," alijiambia akiingia bustani iliyo mwisho wa mtaa.

Chini ya miti alimkuta mwanamume ameshika kopo la rangi nyekundu. Alichovya brashi polepole, akachora alama ya X kwenye shina, akasogea kwenye mti mwingine. Rangi ilichuruzika hadi mizizini.

"Miti inaumwa?" Salha aliuliza.

"Hapana, mama. Inaondolewa." Sauti yake ilikuwa ya upole. "Wewe unakaa mtaa huu?"

Salha alitaka kusema ndiyo. Aliitazama brashi iliyolowa.

"Napita tu," alijibu, na papo hapo akaona aibu.

"Afadhali." Yule mwanamume alifunika kopo, akajifuta vidole kwa tambara. "Maana hapa tumemaliza. Zimebaki nyumba."

Salha aligeuka kurudi, akitembea haraka bila kukimbia. Langoni alikuta gari limeegeshwa, na watu sita wenye sare wakishuka, kila mmoja na kopo lake, huku mzee mmoja wa mtaani akiwaelekeza njia kwa adabu, kama wageni wake.