Mzungu Apewa Ukoo

Oliver aliirudisha bahasha mfukoni, uso umemwiva.

"Siwezi, Bwana Cornelius. Kwetu kuna sheria mpya. Nikimhonga afisa wa nchi ya kigeni, nafungwa."

Cornelius ndiye aliyeamua nani angeiuzia ofisi yao ya serikali pampu za maji pale Kakamega, na mwaka huo wa tisini na tisa hakuwa ameomba makuu. Alitaka chai tu, ya kumwoa Jescah. Jumamosi wazee wangeenda Butere kwa kina Jescah, na wakifika mikono mitupu, msichana angepewa mwalimu mmoja mwenye pikipiki. Na Cornelius alimpenda, jamani, hadi chakula hakipiti.

Lakini akili ni nywele, kila mtu ana zake.

"Hebu niambie. Hiyo sheria inakataza afisa wa kigeni tu?"

"Ndiyo."

"Na kama wewe ni mtu wa kwetu? Mimi nitakuwa mgeni kwako namna gani?"

Oliver akakuna kichwa. Kampuni ilikuwa imemwambia auze pampu au atafute kazi kwingine. Akakiri kwamba hilo halijaandikwa popote.

Kesho yake wakaenda Lugari kwa Mama Nekoye, mamake Cornelius, mjane mwenye shamba lake la mahindi. Jogoo akachinjwa, ugali ukasongwa. Mjomba Elkanah, kakake mama, akaitwa awe shahidi wa mzungu kuingia ukoo. Oliver akapewa firigisi, akaila bila kuuliza ni nini. Mzungu wa watu!

Likabaki jina.

"Mpe lolote, Mama, tumalize," Cornelius akahimiza.

"Jina halipewi mtu hivi hivi," mama akasema.

Na ni kweli. Kwetu ukimpa mtoto jina la babu aliyekufa, nyanya humwita mume wangu mbele za watu, na hakuna anayecheka. Mama Nekoye akamtazama mzungu kwa muda mrefu, toka viatuni hadi kwenye upara. Kisha akachukua funda la pombe ya busaa, akampulizia kifuani kwa baraka.

"Wewe ni Lusweti."

Lo! Jina la marehemu baba! Cornelius nusura aruke. Alikuwa amemwombea mzungu jina la kuazima, na mama amempa la mwenye boma.

"Sasa umeingia, ndugu yangu! Hakuna korti itakayoniita mgeni kwako!" Cornelius akamwambia Oliver.

Mjomba Elkanah akakohoa, akasogeza kiti karibu.

Mzungu akasimama na kutoa bahasha waziwazi. Cornelius akanyoosha mikono yote miwili, kwa adabu, Jescah tayari yuko mbele ya macho yake amevaa shela.

Mama Nekoye akamtangulia. Akaichukua bahasha na kumkabidhi kakake, naye akaitia ndani ya koti, akafunga vifungo vyote.

"Mama! Hizo ni za ng'ombe wa Jescah!"

"Ngoja zamu yako," mama akasema, akimmiminia mzungu chai. "Babako alikufa hajamaliza mahari yangu. Leo amerudi kulipa."