Samaki chini ya kiti

Mchezo wa kwenye tableti ulimtaka Léocadie akigeuze kiti kwa kidole, atafute alama iliyofichwa. Nyuma yake, katika chumba kidogo cha makumbusho ya Kasongo, alisimama mume wake wa sasa, aliyeoana naye mwaka jana, akingoja zamu yake.

Akatelezesha kidole kwenye kioo cha tableti. Kiti cha miguu mitatu kikapinduka polepole, kikaonyesha upande wake wa chini.

Samaki mwenye mikia miwili.

Mume wake wa kwanza alikuwa akichonga samaki huyo chini ya kila kiti alichotengeneza, mpaka shimo la dhahabu la Salamabila lilipomfukia miaka sita iliyopita. Mwili haukutolewa. Kando ya samaki palichongwa mwaka, nao ulikuwa mwaka huu.

"Mama, kiti hii ilitoka wapi?" akamuuliza msimamizi wa chumba.

"Kwa fundi mumoja wa Kabambare. Aliileta yeye mwenyewe mwezi uliopita. Yeye iko anachechemea kidogo, lakini mikono yake ni mizuri sana."

"Umeipata alama?" mume wake akauliza, akisogea kutazama.

Léocadie akakifunika kioo kwa kiganja.

"Bado," akasema.